Mlango wa Bi Zuhura

Jumatano, Gongoni

Yule mpuuzi katokea mara tatu kwenye picha moja.

Juzi, nikiipiga picha nyumba ya Bi Zuhura kabla haijavunjwa, nilimwambia kwa adabu, "Mheshimiwa, kamera inageuka polepole na kupiga vipande vingi, kisha naviunganisha viwe picha moja. Tafadhali usipite mbele." Akajibu kwamba yeye ndiye msimamizi wa mradi wa barabara, na nyumba inayobomolewa haipigwi picha bila msimamizi. Akawa anaifuata kamera kila inapogeukia, tumbo mbele, kama bwana harusi.

Leo nimeunganisha. Picha ni kubwa na safi. Ukiikuza unaona hata kutu ya msumari. Unamwona na yeye, jasho likimtiririka: barazani, dirishani, na katikati ya mlango wa nakshi, kalifunika jina la babu yake Bi Zuhura lililochongwa pale. Siwezi kurudia. Nyumba waliivunja jana, na mlango ukapasuka.

Mama wa watu aliniomba picha ya mlango tu, basi.

Jioni nikampelekea picha kwenye kompyuta huko Kanyenye kwa binti yake, anakoishi sasa. Aibu niliyokuwa nayo... Nikamweleza kwamba naweza kumfuta yule bwana, ila maandishi ya nyuma yake nitayabuni.

Akaikuza picha hadi pale mlangoni.

"Usibuni, mwanangu. Jina la babu tunalijua. Huyu mwache, ili wajukuu wakiuliza nyumba aliivunja nani, waonyeshwe."

Nimemwacha, na jasho lake lote.