Zile Kilomita Elfu Tano

Mubi, Walikale
Jumapili, tarehe 11 Juni 2023

Mpendwa kaka yangu Ladislas,

Nakusalimu kwa upendo wote nilio nao, na naomba uupokee hata kama moyo wako kwa sasa umenifungia. U mzima? Laetitia naye, mgongo umepata nafuu tangu ajifungue? Na Plamedi, bado anakataa kulala mpaka asikie gari lako likiingia uani? Mimi mwili ni mzima. Sina homa, nakula, nalala. Lakini tangu Mama aondoke, kila asubuhi naamka nikiwa na jambo la kumwambia, halafu nakumbuka.

Hapa Mubi mvua imepungua kidogo. Malori yameanza kufika tena na maduka yamejaa watu. Kutoka nyumbani, mdogo wetu Natacha ananiambia kwamba Papa anakula kidogo tu, na kwamba anashinda zizini hata ng'ombe wakiwa malishoni.

Nakuandikia kwa sababu simu zangu unazikata, na hata usingezikata ningelia kabla ya kufika kwenye neno lenyewe. Kesho nitapanda pikipiki hadi Walikale, penye mtandao mzuri, nizipige picha kurasa hizi nikutumie. Tafadhali zisome hadi mwisho.

Najua ulichomwambia Papa. Ulisema Polycarpe asikanyage nyumbani Jumamosi, siku ya kuondoa kilio, kwa sababu ndiye aliyemuua Mama kwa gari lisilotunzwa. Papa amesema atafuata neno lako kwa kuwa wewe ni mkubwa wetu. Sikulaumu, kaka. Hukuona sanduku, hukushika udongo, na uchungu wako ulihitaji mahali pa kukaa.

Lakini Polycarpe humjui. Hukuweza kuja kwenye arusi, na yule uliyemwona kwenye picha, aliyenyooka kama mti ndani ya suti ya kuazima, si yeye kabisa. Ngoja nikueleze, na usinicheke. Tangu tarehe 18 Februari miezi minne inakaribia kutimia, na bado nikisema "mume wangu" sokoni nasikia uso ukiwaka. Akirudi na matope hadi masikioni, cha kwanza ananiuliza kama nimekula. Amenitobolea dirisha dogo kwenye ukuta wa jikoni ili nione barabara nikiwa napika, lakini kwa kweli sikulihitaji, maana nililijua gari lake kwa filimbi ya turbo kabla halijalipita kanisa, na kila mara moyo uliruka kama siku zile alipokuwa anakuja kwetu kuchukua jibini za Papa. Siku moja aliacha kofia yake makusudi ili apate sababu ya kurudi. Mama ndiye aliyemgundua. Alimkabidhi kofia mlangoni, akamwambia, "Weye kijana, kichwa njo unaachaka hapa, hapana kofia." Tulicheka wiki nzima, na Polycarpe alikuwa anacheka kutushinda sote.

Sasa nije kwenye gari.

Unakumbuka kwamba wiki moja kabla ya arusi, Polycarpe alipolipata lile gari la turbo la kubebea abiria na mizigo, nilikupigia kukuuliza ni baada ya muda gani tufanye vidange, yaani tubadilishe mafuta ya moteri. Wewe ni dereva wa miaka kumi na mmoja, ningemuuliza nani mwingine? Ulitufundisha kwa uvumilivu. Ulisema turbo inazunguka kwa kasi isiyo na mfano, tena ndani ya moto, na kinachoilainisha ni mafuta yaleyale ya moteri, kwa hiyo mafuta yakichoka turbo ndiyo inayotangulia kufa. Ulisema tukimaliza mlima tusizime gari ghafla, tuliache lingurume kidogo hadi lipoe. Na vidange, pamoja na filtre yake ya kuchujia mafuta, kila kilomita elfu tano bila kukosa.

Niliandika kwa bic nyekundu kwenye kipande cha sparadrap, ile plasta ya vidonda, nikakibandika karibu na usukani: kilomita za siku ile, na chini yake kilomita za kubadilisha. Nilijivuna mno. Kila nilipopanda mbele na abiria, sharti ajue kwamba kaka yangu wa Lubumbashi ndiye anayetuongoza.

Polycarpe alishika kila neno lako. Hata tufike tumechoka namna gani, tulikaa ndani ya gari tukingoja turbo ipoe, mikono yetu pamoja. Kaka, katika ndoa yangu yote hizo ndizo dakika nilizozipenda zaidi.

Mwanzoni mwa Mei alichomoa kijiti cha kupimia mafuta akaniita nione. Mafuta yalikuwa mazito kama uji uliolala, na yananuka kuungua. Akasema tubadilishe kabla ya kurudi njiani. Nikatazama sparadrap, nikapiga hesabu, tulikuwa tumetembea elfu tatu na mia moja tu. Nikamwambia, "Kaka alisema elfu tano. Weye unajua kumupita?"

Alitabasamu kidogo kama mtu anayemwachia mtoto ashinde mchezo, akafuta kijiti, akakirudisha. Hilo ndilo nililotaka ulijue. Neno la kungoja lilikuwa langu, na hakuna mwingine aliyelisikia.

Tarehe 16, Jumanne, tulikuwa nyumbani kwa Papa, Masisi. Tulifika Jumapili kuwasalimia. Asubuhi Mama aliamka akishika kichwa, na mkono wa kushoto ulikuwa haumtii. Muuguzi wa kituo cha afya alipima presha, akaandika karatasi, akasema tumpeleke hospitali ya Kirotshe saa hiyohiyo. Tulimlaza kwenye kiti cha nyuma, kichwa chake mapajani mwangu.

Kwenye mlima wa pili ile filimbi niliyoipenda ikageuka kuwa kilio. Nyuma yetu ukatoka moshi wa buluu, mwingi, na gari likaishiwa nguvu. Polycarpe alijaribu kila namna. Likasogea kidogo, likasimama. Tulisikiliza kama kuna gari jingine linakuja. Hakuna.

Akashuka mbio hadi shamba la maharagwe lililokuwa chini ya barabara, akarudi na wanaume wanane, watu asiowajua, majembe wameyaacha palepale. Wakakata miti miwili ya mikaratusi, wakafunga blanketi, tukawa na kipoyi cha kumbebea Mama. Wale wanane walipokezana kila walipochoka. Polycarpe hakupokezana na mtu. Alishika mti wa mbele kwa bega la kulia tangu pale tulipoliacha gari.

Mama alikuwa bado anaongea, kwa shida, mdomo umevutika upande mmoja. Alimtazama Polycarpe akihema, akamwambia, "Weye mutoto ya balimaji, unanibeba kama muzigo ya maharagi."

Polycarpe akamjibu bila kugeuka, "Mama, maharagi haisemeshake mwenye kuibeba. Tulia."

Akacheka, kaka. Mama alicheka kwa upande ule mmoja. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho niliyoyasikia vizuri. Baadaye aliniita kwa jina lako, mara mbili, nikaitika.

Alikata roho kabla hatujaliona ziwa la kule Kirotshe. Wale wanaume walitaka kumweka chini wapumzike, lakini kulikuwa na matope kila mahali, na Polycarpe alisema mama yake hawekwi kwenye matope. Tulitembea naye hivyohivyo mpaka tukapata nyumba yenye ubaraza mkavu. Bega lake lina kidonda hadi leo. Ninamwosha kwa maji ya chumvi kila jioni, yeye anaimba ili nisimwone anaumia.

Kwenye kilio, mbele ya wanaume wote, mjomba Théoneste alimuuliza kama gari lilikuwa limebadilishwa mafuta. Polycarpe akasema, "Hapana, sikubadilisha." Akaishia hapo. Hakunitazama hata kidogo. Mimi nilikuwa nimeketi na wanawake, nimejifunika kitambaa, nikasikia kila neno, na sikufungua mdomo. Kutoka pale habari zikatembea: mkwe huyu mtoto wa wakulima, ambaye nyumba yao haijawahi kuwa na gari, amemuua mama mkwe wake Nyirabahire kwa uzembe. Nadhani hivyo ndivyo zilivyokufikia.

Tuliporudi Mubi nilimuuliza kwa nini hakusema ni mimi niliyemkataza. Alikuwa anafunga viatu. Akaniambia, "Uko unalilia mama yako. Siwezi kukubebesha kitu ingine."

Gari lilivutwa na lori hadi hapa, kwa Papa Nzabandora, mzee anayetengeneza malori pamoja na zile groupe, jenereta za umeme za madukani. Alilifungua nikiwa nimesimama. Akanionyesha kijibomba chembamba kinachopeleka mafuta kwenye turbo. Kilikuwa kimeziba, ndani yake vitu vyeusi vigumu kama makaa. Nilimpa ile sparadrap kwa sababu bado nilikuwa nataka kututetea. Aliisoma, akaniuliza, "Mama, hii elfu tano njo ya barabara gani?"

Nikamwambia ni ya Lubumbashi. Hakucheka. Alininyooshea kidole groupe ya duka la jirani iliyokuwa inanguruma. "Ile haina hata kilomita moja. Iko inasimama pale toka asubuhi. Kama mwenyewe anangojea kilomita, atabadilisha mafuta siku gani?"

Kisha akanihesabia. Wewe kwenye lami unamaliza kilomita elfu tano kwa saa mia moja hivi. Sisi kwenye barabara hii, gia ya kwanza na ya pili siku nzima, magurudumu yakizunguka kwenye matope, tunatembea kilomita kumi kwa saa, Mungu akitusaidia. Zile elfu tatu na mia nne tulizokuwa nazo siku ya Mama ni saa zaidi ya mia tatu na arobaini, na turbo ilikuwa inaungua muda wote huo bila upepo wa kuipoza. Moteri ilikuwa imefanya kazi ya kilomita elfu kumi na saba zako. Papa Nzabandora anasema kwa gari la turbo katika njia zetu tuhesabu saa, zisizidi mia mbili, na mafuta yakionekana mazito au yakinuka kabla ya hapo, tusisome karatasi yoyote, tubadilishe.

Kwa hiyo kaka, ulichosema kilikuwa kweli, kweli ya barabara yako. Nimefikiri sana kama nikuambie au nikufiche, kwa sababu najua utaichukua nambari hiyo na kujipiga nayo. Sitaki. Ni mimi niliyebaki kwenye matope haya, na sikuwahi kukuambia kwamba kutoka Masisi hadi hapa ni mwendo wa siku mbili. Muuguzi aliniambia kwamba presha ile labda isingengoja hata kama gari lisingekufa. Labda. Neno hilo ndilo ninalolala nalo.

Unajua kwetu siku ya kuondoa kilio maziwa hupita mkono kwa mkono katika inkongoro moja, na asiyepewa anajua kwamba si mtu wa nyumba. Polycarpe amesema hatakuja, hataki kuwasumbua. Amesema atanifikisha njia panda na kunisubiri hapo, kwenye baridi, kama dereva aliyekodiwa. Mtu aliyembeba Mama.

Sikubali. Jumamosi tutaingia uani wawili, upige simu au usipige, na nitasimama mbele ya Papa na wajomba niseme nani alisema tungoje. Sikuambii ili kukutisha. Nimetaka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa wengine. Na maziwa yakimruka mume wangu, nami sitayapokea.

Lakini ningependa yasifike huko. Neno langu ni la mwanamke aliyeolewa juzi, watasema mapenzi yamenitoa akili, na labda yamenitoa kweli. Neno lako ndilo Papa analolingojea. Mpigie kabla ya Ijumaa.

Nisalimie sana Laetitia, mwambie asinyanyue ndoo nzito. Mbusu Plamedi, na mdogo wake ambaye sijamwona. Natacha anakusalimu, na mama mkwe wangu Adelaïde pia, ambaye amepika kila siku kwa ajili ya watu wa kilio bila kuulizwa. Mungu aliyempumzisha Mama akulinde kwenye kila kona ya barabara yako, akurudishe kwa watoto wako kila jioni.

Jambo la mwisho. Polycarpe hajui kwamba nimekuandikia. Ukipiga simu yangu na akapokea yeye, usimtajie barua hii, wala mafuta, wala Jumamosi. Mwite tu shemeji. Mimi sina kaka mwingine atakayemwita hivyo.

Ni mimi dada yako anayekupenda vilevile,
Tuyisenge