Jirani Yangu wa Mtandaoni

Jumanne, 2 Septemba
Sare kumi na mbili zimekamilika. Vifungo bado. Umeme ulikatika saa nne, ukarudi saa saba. Wote pale kwa fundi tuliinamia simu. Hili gemu la shamba limekamata kila mtu: Nyanjige ninayeshona naye, muuza juisi wa mlangoni, hata katekista wetu. Unapanda, unamwagilia. Ukichelewa, majirani zako wa mtandaoni wanakumwagilia. Januari niliwacheka wenzangu. Sasa nina ng'ombe sita.

Dada Koku amenimwagilia mahindi alfajiri, kama kawaida yake. Haandiki neno. Mimi pia siandiki.

Alhamisi, 4 Septemba
Niliandike hapa, maana sijawahi. Miaka mitatu hatujazungumza, mimi na dada yangu Koku. Kwenye msiba wa mama, kule Muleba, nilisimama mbele ya watu nikasema dada alimwacha mama augue peke yake. Uongo. Mimi ndiye niliyekuwa huku Mwanza na cherehani yangu. Yeye ndiye aliyekuwa akimwogesha. Nilijua, nikasema.

Mwezi wa nne gemu liliniletea jina lake, awe jirani yangu. Nikabonyeza kabla sijafikiri. Akakubali. Basi, hayo tu.

Jumatatu, 8 Septemba
Dada hajaonekana tangu Ijumaa. Shamba lake limekauka. Nimelimwagilia jana, leo limekauka tena. Nyanjige anasema watu huchoka na gemu. Labda.

Jumanne, 9 Septemba
Nimempigia. Mara ya kwanza tangu msiba. Haipatikani. Nimerudia mara tatu. Nimeshona mkono wa kushoto upande wa kulia, nikafumua. Naogopa.

Alhamisi, 11 Septemba
Nimepanda basi la kwanza la kwenda Muleba. Tulipovuka Busisi sikutazama ziwa. Nilikuwa naona kaburi la mama na lingine pembeni yake.

Nimefika saa tisa mchana. Mlango wazi. Dada amekaa kitandani, jicho moja limefunikwa, lingine lina ukungu.

"Nani?"

"Ni mimi, Adventina. Shikamoo, dada."

Akageuza uso kuifuata sauti yangu.

"Marahaba. Mahindi yangu yamekauka?"

Nililia palepale mlangoni.

Amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho Jumamosi. Daktari kamkataza simu, naye akaizima kabisa. Alienda hospitali peke yake, akarudi peke yake kwa bodaboda. Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Ningemwambia nani?"

Hakuwa na hasira. Heri angekuwa nayo.

Ijumaa, 12 Septemba
Matone mara nne kwa siku. Alikuwa anajitilia mwenyewe, mengi yanaishia shavuni. Sasa natia mimi. Mchana, akiwa ameinua uso, nilisema nilichokuja kusema. Kwamba nilimsingizia. Kwamba mama alitunzwa, na aliyemtunza ni yeye.

"Ulisema mbele ya watu," akanijibu.

"Nitasema tena mbele yao."

Alifumbua jicho vizuri, nikatia tone.

Jumapili, 14 Septemba
Baada ya misa watu walibaki uwanjani wakisalimiana. Wengi ni walewale wa msibani. Nikaomba wanisikilize. Nikasema kwamba siku ile nilidanganya, nikamtaja dada kwa jina lake lote. Mzee mmoja akakohoa. Mama mmoja akanishika mkono: "Tulijua, mwanangu. Tulikuwa tunakungoja wewe."

Hilo limeniuma kuliko kama wangenizomea.

Dada hakuwapo. Lakini nilipofika nyumbani habari ilikuwa imeshatangulia. Alikuwa jikoni, kaniwekea chai.

Jumatano, 17 Septemba
Daktari amesema jicho limepona vizuri. Nimempigia fundi, kaniongezea siku nne. Nyanjige ananiambia ng'ombe wangu wana njaa. Sijafungua gemu tangu nifike.

Jioni tumekaa uani kumenya ndizi. Dada akaweka kisu chini, akanitazama kwa lile jicho jipya. Alinitazama muda mrefu, kuanzia miguuni.

"Umenenepa," akasema.

Kisha akaendelea kumenya. Nami nikaendelea.