Jina la Guku

Ipole, Sikonge,
TABORA.
15 Juni, 2025

Mpendwa Shangazi Katarina,

Shikamoo. Natumaini baridi ya huko Njombe haijakurudishia kile kikohozi cha mwaka jana. Mimi nipo nyumbani kwa likizo, ni mzima, ila usingizi unanisumbua. Bibi miguu bado inamuuma, lakini kanisani anafika.

Shangazi, mdogo wangu Bernardo amemuumiza mwenzake. Walikuwa wakichunga mbuzi, Erasmus wa jirani akamcheka, naye akampiga fimbo ya uso. Erasmus amelazwa hospitali ya Kitete, mjini, na jicho moja halitaona tena. Mama yake hajaja kutulaumu. Hupita tu akiangalia chini, na hilo linaniumiza kuliko matusi.

Baba amemwachisha Bernardo shule. Anasema atabaki hapa kukata kuni za kukaushia tumbaku. Nilipojaribu kumtetea alinijibu, "Ile ni damu ya mzee. Utaiosha kwa madaftari?"

Ni wewe uliyempa jina la babu, siku ulipokuja kumwona akiwa mchanga. Ulilia kwa furaha. Lakini tangu hapo hakuna aliyemwita Bernardo. Wote walimwita Guku, kama tunavyowaita mababu kwetu. Alipokuwa mdogo, akitupa bakuli, watu wazima walicheka: "Mzee karudi! Shikamoo, Guku!" Akimpiga mtoto mwingine, Bibi alimpigia vigelegele. "Huyo ndiye mume wangu hasa, hata ngumi ni zile zile!"

Muhula huu tulisoma urithi katika biolojia. Unajua sinyooshi mkono darasani, lakini nilimsubiri Mwalimu Sabiri nje nikamuuliza kama ukali hurithiwa. Aliniambia mtu anaweza kuzaliwa mwepesi wa hasira, kama anavyozaliwa na pua ya baba yake. "Lakini fimbo, Flavia, hakuna aliyezaliwa nayo mkononi."

Nikawafikiria nyuki wa Baba. Ule mzinga uliokuwa kando ya njia ya ng'ombe ulikuwa mkali mno, kila aliyepita aliumwa. Baba hakuuchoma moto. Aliuhamishia ndani msituni, kwenye utulivu. Nyuki ni wale wale, na bado wanauma, ila siyo kama zamani. Nimetaka kumwambia Baba hivyo kila tukikaa kula, na kila mara naishia kumwongezea mboga.

Jana nilimkuta Guku nyuma ya jiko, amejikunyata. Nikamuuliza kwa nini alimpiga Erasmus.

"Dada, si mimi ndiye Guku? Guku si alikuwa anapiga watu?"

Alisema taratibu, kama anayejibu swali la mwalimu. Kisha akaniuliza kama jicho huota tena.

Shangazi, nakuomba uje, au umpigie Baba simu. Aliyetoa jina ndiye anayeweza kutoa jingine, na Baba hawezi kukukatalia wewe dada yake mkubwa. Mwombe pia amrudishe shule. Akikataa kabisa, mchukue ukae naye huko, ambako hakuna aliyemjua babu. Ni yeye peke yake ninayeongea naye bila kuona haya, na nyumba itakuwa kimya sana kwangu. Hata hivyo, mchukue. Jicho la Erasmus hatuwezi kulirudisha, na sitaki tumpoteze na huyu wa kwetu.

Nisalimie Baba Julieth na Julieth mwenyewe. Mama na Bibi wanakusalimu sana. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akupe nguvu ya safari kama utaamua kuja.

Mdogo wangu naye anakusalimu. Nilimpa kalamu aandike jina lake chini ya langu. Akaniuliza aandike lipi. Nimemwachia nafasi.

Mwanao akupendaye na kukungoja,

Flavia

na mdogo wangu ....................