Sauti Ndani ya Pipa

Kitgum, 4 Juni 1978

Mjukuu wangu Anena,

Salamu nyingi kama kumbikumbi baada ya mvua. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto, hilo lilistaafu jeshi mwaka mmoja kabla yangu. Bibi yako Rosalba ni mzima, na mdomo wake ni mzima zaidi. Wewe hujambo? Shangazi yako Filda hajambo? Na wewe afisa unayefungua barua zetu kwa mvuke wa birika, hujambo? Ukimaliza kusoma gundisha vizuri. Ile ya mwisho ilifika imekunjwa kama chapati.

Filda ameniandikia kwamba tangu askari walipomchukua baba yako Oloya pale kambi ya polisi Nsambya, mwaka na miezi minne sasa, hujatamka hata neno moja. Daktari amekuchungulia koo akasema halina kitu. Hapo sikushangaa. Koo za ukoo wetu haziharibiki, mtazame bibi yako.

Basi tuandikiane. Shule yangu mimi ni darasa la tatu na Keya, jeshi la Waingereza, ambako nilijifunza kalamu kwa kuorodhesha majina ya walevi. Kiswahili changu ni cha kambi, usinisahihishe kwa wino mwekundu. Nauliza jambo moja tu: hiyo sauti imeibiwa, au umeificha?

Babu yako,
Santo

---

Mengo, Kampala, 25 Juni 1978

Kwa Babu,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na Bibi. Sisi hatujambo. Shangazi anauliza goti linaendeleaje.

Babu, nimeificha.

Siku ile walipiga hodi mimi nikiwa mlangoni. Walikuwa wanne, wamevaa vizuri. Mmoja akasema, "Habari, binti. Baba yuko?" Nikajibu kama nilivyofundishwa kujibu wageni: "Karibuni, yuko, anakunywa chai." Nikawapisha. Baba aliondoka na viatu visivyofungwa kamba.

Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho. Shangazi hajui. Chai pia siinywi. Tafadhali usimwambie Bibi.

Mjukuu wako,
Anena

---

Kitgum, 19 Julai 1978

Mjukuu wangu,

Salamu. Goti linamshukuru Filda, linaendelea vibaya. Bibi hajaambiwa kitu. Nimemwambia unaomba karanga.

Barua yako nimeisoma mara nne, mara ya nne bila miwani. Sikiliza sasa. Watu walikuja na gari, na bunduki, na jina la mwanangu kwenye karatasi. Walijua kambi, walijua mstari wa nyumba, walijua mlango. Mtu kama huyo akiuliza "yuko?" haulizi, anacheza. Ungekaa kimya wangekusukuma wapite. Ungesema hayupo wangewachukua wawili. Wewe ulikaribisha wageni. Oloya alikufundisha hivyo kwa sababu nilimfundisha mimi, na fimbo ilihusika. Ukitafuta mkosaji nyumba hii, anza na mzee.

Sasa jambo la pili, na hapa sina mzaha. Wanaochukuliwa hivyo hawarudi, na kaburi hatuna. Kwetu mtu aliyepotea hivi huitwa jina lake kutoka mtoni mpaka uani, roho yake isikie njia, ndipo tukae matanga. Aite nani? Damu yake. Wazee wananisukuma wanasema Santo, ita mwenyewe, mtoto yule ni bubu. Nimewajibu nina kikohozi. Nitakohoa mpaka utakapokuja. Afisa, unaandika haya? Andika na umri wangu, miaka sabini na moja. Mtanifanya nini, mtanizeesha?

Kwa hiyo mazoezi. Pale nyuma kwa Filda, kwenye uzio wa mabati, kuna pipa la maji ya mvua. Likikauka, ingiza kichwa. Nilifundisha amri za gwaride miaka kumi na mitatu, nakwambia sauti ya amri haitoki kooni, inatoka kitovuni. Anza na "Kikosi, mguu sawa." Pipa halina masikio ya kukusengenya.

Babu yako,
Sajenti Meja (mstaafu) Santo

---

Mengo, 30 Agosti 1978

Kwa Babu,

Nakusalimu. Sisi wazima. Karanga zimefika, Shangazi amezila zote.

Pipa limekauka wiki iliyopita. Siku ya kwanza nilitoa pumzi tu. Siku ya tatu nilisema "mguu". Ilitoka sauti ya chura. Siku ya tano nilisema yote, na pipa likanijibu kwa sauti ya dume, nene, kama mtu aliyekula mhogo mbichi. Kuku wa Bisimwa waliruka uzio.

Bisimwa ni fundi cherehani, Mkongo, anapanga chumba cha nyuma. Ananiongelesha kila siku bila kungoja jibu, anasema mke wake naye hasemi, ila yeye ni kiziwi pia. Amenishonea sketi ya shule kwa kitambaa kilichobaki.

Nje ya pipa bado siwezi. Nikimwona mtu, inarudi ndani.

Kohoa kidogo zaidi, Babu.

Anena

---

Kitgum, 18 Februari 1979

Anena,

Salamu. Hii ni barua ya tatu tangu Krismasi bila jibu. Huku tunasikia vita vinakuja kutoka kusini, na malori ya jeshi yanapita kila siku. Bibi yako ameacha kunigombeza. Siku ya kwanza nilifurahi, sasa naogopa.

Wazee wamesema wakiona mtama wa kwanza watamwita Oloya bila wewe. Nimewaambia sawa, watapita juu ya goti langu.

Afisa, hujambo. Kama barua zake unazo wewe, sina ugomvi. Mwambie tu aandike neno moja, mzima. Hilo halina siri.

Babu yako

---

Mengo, 3 Juni 1979

Kwa Babu mpendwa,

Mzima. Ndilo neno ulilotaka, na mengine ninayo.

Barua hii anakuletea Zubairi, dereva wa lori, maana barabara ya huko imefunguliwa. Sasa naweza kuandika kilichotokea Januari.

Ilikuwa mchana. Bisimwa alishtakiwa na mtu kwamba anasikiliza redio ya nje. Mimi nilikuwa nyuma, kichwa ndani ya pipa, nafanya mazoezi yako. Nikasikia buti upande wa pili wa uzio, na mtu anamuuliza Shangazi: "Fundi yuko?"

Babu, ni neno lile lile. Shangazi namjua, hawezi kudanganya hata padri. Nilitoa kichwa nikamwona Bisimwa dirishani, sindano mdomoni, ananitazama. Tumbo langu lilipata moto pale kitovuni uliposema.

Nikarudisha kichwa ndani ya pipa. Nikanguruma: "Nani huyo anauliza bila kupiga saluti?"

Mabati yote yalitetemeka. Kisha mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Afande?" Hawakuwa wakubwa, Babu, walikuwa wanajeshi wapya, labda wananizidi miaka mitatu. Nikasema: "Kikosi, mguu sawa." Nikasikia visigino vinagongana, pa. "Fundi yuko na mimi. Ananipima sare. Nyuma geuka. Mbele tembea." Wakageuka. Shangazi anasema walitembea kwa hatua, mikono inapanda mpaka begani, wakapita kanisa, wakashuka, na hakuna aliyewapa amri ya kusimama. Labda bado wanatembea.

Nilipotoka kwenye pipa nilikuwa na kutu usoni. Bisimwa alikuwa ameruka uzio na futi ya kupimia shingoni. Nikamwambia Shangazi, "Tuondoke, watarudi." Alikaa chini kwanza akalia, kwa sababu nilikuwa nimesema na yeye. Tulijificha kwa watu wa kanisa mpaka jeshi lile lilipokimbia mji, ndiyo maana hukupata barua, na zako tumezikuta tuliporudi. Bisimwa amerudi. Anaeleza kila mteja kwamba alimpima afande suruali, na kila siku kiuno cha afande kinaongezeka.

Na nimemwambia Shangazi habari ya mlangoni, kwa mdomo wangu. Alinishika tu.

Nitakuja na Zubairi Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Naomba usije barabarani. Kaa uani. Nitashukia mtoni.

Mjukuu wako,
Anena

---

Kitgum, 22 Julai 1979

Mjukuu wangu Anena,

Salamu kutoka kwa kila mtu, na watu ni wengi, maana bado wengine wanakula matanga ya Oloya. Natumaini ulifika Mengo salama na shule imefunguliwa. Barua yako ya kufika nimeipata. Haikufunguliwa na mtu, gundi nzima. Nimekosa msomaji, lakini nitazoea.

Nakuandikia kwa sababu wewe ulisikia upande wako tu. Upande wangu ulikuwa hivi. Nilikaa uani namenya karanga, nimevaa koti la Keya, bibi yako ananiambia nimefanana na kunguru. Wazee wamekaa wanasinzia. Mzee Ochan akasema, "Santo, hata akija, mtoto wa kike ataita sauti ya ndege." Ndipo ikaja kutoka mtoni. "Oloya, mwana wa Santo. Njia ni hii. Njoo nyumbani." Mbwa wa Ochan aliingia chini ya kiti chake, na Ochan karibu amfuate. Kilima cha pili wanawake wakaacha majembe, wakapiga vigelegele bila kujua ni sherehe ya nani. Uliita tena karibu na mkuyu, tena kwenye shamba la mtama, na kila mara sauti ilikuwa kubwa zaidi, hata nikajua hakuna pipa la kutosha sauti hiyo. Nilijaribu kusimama kwa ukakamavu, goti likakataa, nikapiga saluti nimekaa. Usiwaambie Keya.

Jambo la mwisho. Jioni ile bibi yako alipogawa chai, nilikuona unachukua kikombe. Ulipuliza, ukanywa mpaka chini, ukaomba kingine.

Sikusema kitu. Mimi pia najua kunyamaza.

Babu yako,
Santo