Randa ya Mustapha

Ikram mwanangu,

Nimekwenda Mpale kumsomea kaka yako dua kaburini, nitarudi jioni. Zile mbao za mninga ziondoe juani, zitapinda. Upande niliokwisha kuupiga randa uulaze juu ya magunia. Mwambie mama yako asinisubiri kula.

Asubuhi nilikufokea, unisamehe. Nilikuwa peke yangu kibandani nalainisha mbao za kitanda chako cha harusi, zile alizokununulia marehemu Mustapha. Ukauliza toka jikoni, "Baba, huyo fundi mwenzio naye nimletee chai?" Nikakujibu, "Fundi gani? Acha upuuzi!" Ukaingia ndani unalia.

Lakini hata mimi nilikuwa naisikia hiyo randa ya pili tangu nianze kazi. Nikisimama, yenyewe inaendelea kidogo, halafu inanyamaza. Ulipoondoka nikaishusha randa ya Mustapha pale msumarini ilipotundikwa tangu tumzike. Chuma chake kilikuwa cha moto, na chini yake maranda mapya mekundu.

~~Kibandani msiingie mpaka nirudi.~~ Ingieni tu. Ukimsikia, mwanangu, usikimbie. Msalimie, ni kaka yako.

Baba