Barabara Niliyoifagia

Jumamosi, 5 Aprili 2025

Serikali haiwezi kujenga kitu Boko bila mie kujua. Hilo lieleweke! Leo Adelard, mwenyekiti wetu wa mtaa, kanipigia simu mie kabla ya mtu mwingine yeyote. Sawa, kabla yangu kampigia Brightson wa bodaboda, lakini yule alikuwa anamdai helmeti.

Ishu ni hii: Jumanne wanakuja wataalamu kuitathmini barabara yetu. Usafiri endelevu! Mabasi madogo ya kututoa huku ndani mpaka barabara ya Bagamoyo, lami, mitaro, njia ya waenda kwa miguu. Ila njia ziko mbili, yetu na ile ya ng'ambo ya bonde. Itachukuliwa moja tu.

Adelard kasema, Mzee Badru, waambie watu waendelee na shughuli zao kama kawaida. Nikacheka kimoyomoyo. Mgeni gani hasemi hivyo? Akikwambia usijisumbue ndipo unamkimbiza kuku! Mie nilishapokeaga wageni wakubwa, mabalozi, mpaka mfalme mmoja wa kisiwani huko, jina limenitoka. Haya mambo nayajua.

Dada yangu Tunu, ninayekaa kwake, kanisikiliza, mguu kaunyoosha kwenye stuli. Kidonda cha sukari hicho, hakiponi. Mwezi uliopita kliniki kakosa mara mbili, matope tu. Kasema, "Badru, wakija waambie tu sie tunataka kutoka." Nimemwahidi. Lami utaikanyaga, dada!

Jumatatu, 7 Aprili 2025

Sikukuu, lakini mie kazini. Wauza vitumbua wote nimewahamishia nyuma ya msikiti. Bodaboda huko huko. Waendao kazini na wanafunzi kesho wapite uchochoroni. Wenye magari nimewabembeleza wayaoshe, wayapange barabarani, tuonekane watu.

Mwanakombo wa mihogo kagoma kuhamisha karai lake. "Mjomba, kwani hao wageni hawali mihogo?"

Nikamwambia wanaila kwa uma. Kahama, lakini kwa msonyo.

Jumanne, 8 Aprili 2025

Barabara nyeupe! Ungeweza kutandika mkeka katikati ukalala. Alfajiri nimefagia mwenyewe mpaka kona.

Wakatangulia vijana wawili, mwavuli, viti vya plastiki, na vidude vya kubofya mkononi. Vibarua. Nikawaambia sogeeni kidogo, wakubwa wako njiani. Wakajibu, shikamoo mzee, sie tuko sawa hapa. Adabu wanayo. Nikawapelekea soda.

Nikasubiri magari ya wakubwa, zile V8. Nikasubiri. Wapi! Adhuhuri wale vijana wakakunja mwavuli, wakashukuru, wakaenda zao. Kanzu yangu ya Idi imelowa jasho mpaka mgongoni. Labda wakubwa wamepata dharura ikulu.

Ijumaa, 9 Mei 2025

Sijui niandike nini.

Majibu yametoka. Wamechukua njia ya ng'ambo.

Adelard kaniita pembeni, kanieleza taratibu kama anayeeleza msiba. Wakubwa hawakuwepo wa kuja. Wale vijana wa mwavuli ndio walikuwa tathmini yenyewe! Walikuwa wanahesabu. Mradi wa namna hii, kasema, hautazami magari ya watu, unatazama miguu. Nani anatembea, nani kabeba kapu, nani yuko juu ya bodaboda, ndio hao wanaotafutiwa basi. Na kwetu wamekuta magari yamejipanga, yanang'aa, na watu hakuna. Wamehitimisha kwamba wakazi wanajiweza.

Wanajiweza!

Nimerudi nyumbani, Tunu kauliza, "Vipi, wamesemaje?" Nikamwambia bado wanapiga mahesabu.

Jumapili, 11 Mei 2025

Najma, binti yake Tunu, kaja kutoka Segerea. Keshasikia yote. Daktari kasema dole gumba la mguu wa Tunu limeanza kuwa jeusi, akikosa tena kusafishwa wanakata, na wakianza kukata hujui watasimama wapi. Masika hii haitaki kuisha. Kwa hiyo Najma anamchukua mama yake, nyumba inapangishwa.

Mie hakuniuliza nitakwenda wapi. Nilijidai kwamba nina viwanja Bagamoyo. Kaniangalia tu.

Tunu kasema, "Nyumba hii Mwishehe kaijenga kwa mikono yake. Simuachi mume wangu nikaenda kukaa chumba cha uani." Halafu akalia. Sijamuona akilia tangu tulipomzika huyo Mwishehe. Nikatoka nje nikajifanya natazama gata la maji ya mvua.

Jumatatu, 12 Mei 2025

Brightson kampakia Tunu kumpeleka kliniki. Pale kwenye dimbwi pikipiki ikateleza, chini wote wawili. Tope limeingia kidondani. Watu wakamnyanyua, mie nikashika kiatu. Kiatu tu, ndicho nilichokipata.

Mwanakombo akapaza sauti, "Mjomba, uma wako uko wapi?"

Hakuna aliyecheka. Bora wangecheka.

Jumatano, 14 Mei 2025

Naandika nikiwa mkutanoni, ofisi ya mtaa, benchi la nyuma. Daftari nimeliweka gotini, mwandiko huu hata mie sitausoma.

Mtaalamu mkuu wa ile tathmini amekuja mwenyewe. Mwanamke, anaitwa Demetria, mpole, buti zake zina tope kuliko zetu. Kasema mkataba haujasainiwa, hesabu inaweza kurudiwa. Lakini mabosi wake hawarudii kazi kwa malalamiko. Anataka mtu asimame aseme, kwa jina lake, siku ile barabara ilifanywa nini na ilifanywa na nani. Hapo atakuwa na sababu ya kuandika.

Adelard katazama dari. Anajua. Mtaa mzima unajua. Hawanitaji, wananistahi, na hiyo ndiyo inaniua zaidi.

Tunu yupo mbele. Wamembeba na kiti chake, mguu umefungwa kitenge juu ya bandeji. Najma kasimama nyuma yake, keshatoa neno la mwisho: wasiporudia hesabu, Jumamosi wanahama. Tunu kageuza shingo, kanitazama. Miaka yote ananilisha, hajawahi kunitazama vile.

Nitasimama. Nimeshaamua. Nitasema mie Badru ndiye niliyewafukuza watu barabarani, nikafagia, nikapanga magari. Hilo nitalisema, Mungu atanipa sauti.

Lakini Demetria sasa hivi anasoma ile hesabu. Anasema wanashindwa kuelewa kitu kimoja. Asubuhi nzima walipita waenda kwa miguu kumi na wanne tu, wote wanaume, wote wamevaa kanzu. Anauliza, kulikuwa na shughuli gani msikitini?

Watu wanatazamana. Mwanakombo keshaanza kugeuka.

Hapakuwa na shughuli. Nilikuwa naenda mpaka kona na kurudi, naenda na kurudi, ili wakubwa wakitokea wanikute mie wa kwanza. Hao kumi na wanne wote ni mie.