Tuta Lisilobomolewa

Jumatano, usiku

...na chaki bado imejaa kwenye mikono ya shati, sijali. Kidato cha Tatu leo wameninyima usingizi kwa raha!

Niliwauliza taka za mitambo ya nyuklia tuziweke wapi. Oliva, anayetokea kijiji cha Pito, akajibu haraka, "Tuzifukie kwenye tuta, mwalimu, kama majani. Mwakani zitakuwa mbolea." Hakuna aliyecheka. Huku Ufipa ndivyo tunavyolima: majani tunayafukia kwenye tuta yaoze, mwakani tunalibomoa na kupanda.

Nikawaeleza kwamba hizi haziozi, sumu yake hukaa maelfu ya miaka. Oliva akakunja uso. "Sasa watakaokuja watajuaje? Sisi tukikuta tuta, tunalibomoa tupande."

Nikaliandika swali lake ubaoni. Mpaka sasa linanitia wasiwasi.

Ndipo nikawapa habari ya umeme wa kuunganisha viini vya atomi, kama jua linavyofanya, ambao taka zake hazidumu hivyo. Nilirukaruka ubaoni kama mwehu! Wakauliza utafika lini Sumbawanga. Nikasema sijui, wataalamu bado wanahangaika nao.

"Wanahangaika na nini hasa?" akauliza Oliva.

Kengele ya kwenda nyumbani ikalia. Hakuna aliyenyanyuka.